"Sawa, kocha" si maoni

Jumamosi asubuhi, katika uwanja mmoja hapa Kaaga, Meru, kocha anawakusanya watoto na kuwatangazia kwamba mazoezi yatakuwa saa kumi na moja jioni. "Tumeelewana?" Wanajibu kwa sauti moja: "Sawa, kocha!" Anaondoka akiamini ameshauriana nao. Msichana ambaye saa hiyo huwakatia ng'ombe nyasi ataacha kuja, na kocha atasema amekosa bidii.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia 1990, unasema katika kifungu cha 12 kwamba mtoto anayeweza kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa katika kila jambo linalomhusu, nayo yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Kifungu hicho hakimfanyi mtoto kuwa msemaji wa mwisho. Kinachotakiwa ni mtu mzima asikilize kwanza, ndipo aamue.

Mtafiti Roger Hart, katika kazi aliyoiandikia UNICEF mwaka 1992, alichora ngazi ya vidato vinane. Katika vitatu vya chini mtoto anatumiwa, anafanywa pambo au anawekwa kwa ajili ya maonyesho. Hapo bado hajashirikishwa. Nahodha aliyeteuliwa na kocha, asiyewahi kuulizwa lolote, yuko huko chini.

Kenya ina mfano wa juu. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1987, kimejengwa juu ya mabaraza ambayo vijana wenyewe huwachagua viongozi wake, kuanzia mtaani. Katika ligi zake, timu hupata alama kwa kusafisha mtaa pia, si kwa mabao peke yake. Humo ndimo ilimozaliwa Mathare United, mabingwa wa ligi kuu mwaka 2008.

Klabu ndogo haihitaji mabaraza mengi. Inatosha kuyagawa maamuzi mafungu matatu. Nahodha na zamu za kubeba mipira, watoto waamue wenyewe. Saa za mazoezi na adhabu za wachelewaji, waamue pamoja na kocha. Usalama na fedha vibaki kwa wakubwa, lakini watoto waelezwe sababu.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito. Mbele ya kundi zima, mwoga hufuata sauti kubwa. Wagawe wanne wanne, au kila mmoja aandike kwenye karatasi bila jina. Kisha rudi na jibu: hili tumelikubali, hili limeshindikana kwa sababu hii. Asiyeletewa jibu hatasema tena.

Meru ni nyumbani kwa Njuri Ncheke, baraza ambamo wazee huketi wakajadiliana. Mashauriano si mageni kwetu; kilichobaki ni kuyashusha hadi uwanjani. Siku mtoto atakapothubutu kusema, "Hapana, kocha, saa hiyo nakata nyasi," kocha ashukuru. Hapo ndipo mashauriano yatakapoanza.