Sukari Ndiyo Fundi wa Barafu

Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma na shati likigandamana na mgongo tangu saa mbili asubuhi, mitaa ya Dar es Salaam huwa na biashara isiyohitaji tangazo zaidi ya kipande cha boksi kilichoandikwa kwa mkono: BARAFU ZIPO. Ndani kuna friza, ndoo ya ukwaju au ubuyu, na mama anayekadiria sukari kwa macho. Barafu zake zinang'atika. Zile ambazo wengi wetu tunajaribu kuwatengenezea watoto nyumbani zinatoka ngumu, wanazinyonya utamu wote na kubaki na kibonge cheupe kisicho na ladha.

Tofauti iko kwenye sukari. Maji matupu huganda kwenye nyuzi sifuri na kuwa bonge moja. Yenye sukari huchelewa: sehemu yake huganda, sehemu hubaki shira nzito katikati ya chenga za barafu, na hapo ndipo jino linapopita. Ukiibania sukari kwa sababu ya bei, unapata jiwe lenye rangi. Ukiizidisha, barafu haishikani hata ilale kwenye friza usiku kucha. Kwa friza ya kawaida, inayopoza hadi nyuzi 18 chini ya sifuri, gramu 150 hadi 180 kwa lita moja ya kinywaji zinatosha, yaani kikombe cha chai kisichojaa. Onja kabla ya kugandisha. Utamu ukionekana umezidi kidogo, ndiyo sawasawa, kwa kuwa baridi huufanya ulimi usihisi vizuri.

Kama ningeambiwa nichague tunda moja tu, ningechukua ubuyu bila kufikiri mara mbili. Unga wake una pektini, kitu kile kile kinachoshikisha jemu, kwa hiyo barafu yake inatoka nzito, inakaribia aiskrimu, na hakuna maziwa yaliyoingia. Chemsha maji, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, loweka robo kilo ya ubuyu wenye mbegu kwa kila lita, koroga hadi mbegu zibaki tupu, kisha chuja. Kupata lita kamili itabidi uongeze maji kidogo, maana mbegu huondoka na yake. Ile rangi nyekundu inayotiwa mitaani sijawahi kuona inaongeza nini zaidi ya kuchafua mashati ya watoto.

Ukwaju ni mwepesi zaidi na mkali zaidi. Upe sukari ya juu kabisa katika kipimo kile, na tangawizi ukipenda. Maembe nayo yasubiri jioni, wauzaji wanapofungasha na yale yaliyobonyea yanashuka bei. Kata palipoharibika, saga sehemu iliyobaki, punguza uzito kwa maji. Embe lililoiva sana lina sukari yake, basi pima kwa ulimi.

Maziwa yanahitaji uangalifu. Ukwaju huyakata papo hapo. Nanasi na papai vikiwa havijapikwa huyatia uchungu yakikaa, hivyo kama lazima uchanganye nanasi na maziwa, lichemshe kwanza. Kwa bajeti ya nyumbani mimi napendelea tui la nazi: mafuta yake huzuia chenga kubwa za barafu, na ulaini unakuja wenyewe. Chukua tui zito, weka sukari, iliki na kijiko kimoja cha kastadi iliyokorogwa kwenye maji baridi, pika kwa moto mdogo hadi lishike, lipoze kabisa ndipo uligandishe.

Vyombo visikusumbue. Vikombe vidogo vya chuma, au vya mtindi vilivyooshwa vizuri, vinafanya kazi ya vifuko vya plastiki na havimwachii mtu takataka uani. Lita moja hutosha vikombe 10 ukitia mililita 100 kila kimoja. Usivijaze hadi mdomoni, kwani maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Kijiti kichomeke baada ya saa moja au mbili, barafu ikianza kushika, la sivyo kitalala upande. Vijiti vya aina hii vina historia ya kuchekesha: mwaka 1905, Frank Epperson, mtoto wa miaka 11 huko California, alisahau kikombe cha kinywaji nje usiku wa baridi kikiwa na kijiti ndani. Hataza aliipata mwaka 1924, akiwa mtu mzima.

Maji ni lazima yachemshwe hata kama friza yako ni kali kiasi gani. Baridi huwalaza vijidudu wengi tu, na huamka mdomoni mwa mtoto.

Umeme ukikatika, usifungue mlango kuchungulia. Friza iliyojaa hukaa na baridi yake kwa takriban siku mbili ikiachwa imefungwa, iliyojaa nusu kwa siku moja. Za ukwaju au ubuyu zilizolainika kidogo zikiwa bado baridi zinaweza kugandishwa tena, ingawa zitakuwa na chenga. Za maziwa au tui zilizokwisha kuwa maji na kupata joto, mwaga.