Je, Wajua? Nyuso za Waliowatorosha Watumwa

Sogea hapa, msomaji, nikuonyeshe picha. Zote ni za Marekani, nyingi zina zaidi ya miaka 150, na kila moja ina kisa chake.

Je, wajua kwamba Mmarekani aliyepigwa picha nyingi kuliko wote katika karne ya 19 alikuwa mtumwa mtoro? Ni Frederick Douglass, aliyetoroka mwaka 1838 na baadaye akawa akiwahifadhi watoro wenzake nyumbani kwake. Picha zake zinazojulikana ni kama 160. Hata Rais Abraham Lincoln hakumfikia! Karibu zote amekaza uso, tena makusudi: hakutaka kamwe aonekane mtumwa anayefurahia utumwa.

Hii nyingine ni ya kiganja tu. Mwaka 1844 nahodha mzungu, Jonathan Walker, aliwapakia watumwa 7 mashuani kutoka Florida ili awafikishe Bahamas. Akakamatwa, akachomwa kwa chuma cha moto kiganjani herufi mbili, SS, yaani “slave stealer”, mwizi wa watumwa. Mwaka uliofuata alikwenda studio mjini Boston, akafungua kiganja, kikapigwa picha. Alama waliyompa iwe aibu yake akawa akiinyanyua mbele ya umati!

Unamwona mpinga-utumwa John Brown hapa, ameinua mkono wa kushoto kama anayekula kiapo? Umekosea! Ni wa kulia. Picha za siku hizo zilipigwa juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, nazo ziligeuza kila kitu kama kioo. Na aliyeipiga je? Mtu mweusi, Augustus Washington, ambaye mwaka 1853 alihamia Liberia na huko akafika kuwa Spika wa Bunge.

Mpinga-utumwa mwingine, mwanamke Sojourner Truth, hakujua kusoma wala kuandika. Lakini mwaka 1864 aliisajili haki ya picha yake mwenyewe, akaiuza kwa kadi ndogondogo ili apate fedha za maisha na za mapambano.

Sasa kaa vizuri, maana hii ndiyo niipendayo kuliko zote. Januari 1859, Dakta John Doy alikuwa akiwavusha watu weusi 13 kutoka Kansas kwenda kaskazini, akatekwa njiani. Akahukumiwa miaka 5. Julai, usiku, wanaume 10 wakafika kwenye jela ya St. Joseph, Missouri, wakimkokota mwenzao aliyefungwa mikono: “Tumemkamata mwizi wa farasi, mfungieni!” Askari jela akafungua mlango. Ukafunguka, nao wakaondoka na Doy! Waliporudi Lawrence walikwenda moja kwa moja kwa mpigapicha: Doy ameketi, wale 10 wamesimama nyuma yake, silaha mikononi. Wahalifu gani hao wanaojipiga picha? Wale wasioona kosa lolote!

Wajua pia kwamba mwaka huohuo wanaume 20 walipigwa picha uani mwa jela ya Cleveland, Ohio, weusi kwa weupe wamesimama pamoja? Kosa lao ni kumpokonya mtoro John Price mikononi mwa waliomkamata. Price mwenyewe alikwisha kwenda Kanada.

Na Harriet Tubman? Wengi tumezoea kumwona bibi mzee. Kumbe ndani ya albamu moja ya zamani mlikuwa na picha ya mwaka 1868 au 1869 hivi: mwanamke wa miaka arobaini na kitu, gauni pana, mkono juu ya egemeo la kiti, macho makavu. Huyu ndiye aliyerudi utumwani mara 13 hivi na kuwatoa watu wapatao 70. Mwaka 2017 albamu hiyo iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 160,000, ikanunuliwa na Maktaba ya Bunge la Marekani pamoja na jumba la makumbusho.

Picha ipo mtandaoni, bure. Kaitafute leo, umtazame machoni.