Koo la Mtoto na Moyo Wake

Wasomaji wetu, wengi wetu twadhani ya kuwa ugonjwa wa moyo ni jambo la wazee. Lakini uko ugonjwa wa moyo uwashikao watoto wa shule, nao huanzia mahali tusipopadhania, yaani kooni. Twapenda wazazi na waalimu waufahamu, maana waweza kuzuiwa.

Chanzo chake ni vidudu visivyoonekana kwa macho, viitwavyo streptokoki. Vikiingia kooni mtoto hupata mafindofindo: koo huuma ghafula, homa hupanda, tezi za shingo huvimba, na mara nyingi hana kikohozi wala mafua. Vidudu hivi huenea upesi mahali ambapo watu wengi hulala chumba kimoja. Baada ya siku chache maumivu hutulia, na nyumba nzima husahau.

Kumbe mwilini mambo hayajaisha. Nguvu za mwili zilizotoka kupigana na vidudu ni kama walinzi wa mji. Pengine hukosea, wakampiga mwenyeji wakidhani ni adui. Baada ya majuma mawili au matatu mtoto hushikwa na homa ya baridi yabisi: goti huvimba, kisha maumivu huhamia kifundo cha mguu au kiwiko. Mwaka 1836 daktari Mfaransa, Jean-Baptiste Bouillaud, alikwisha kueleza ya kwamba viungo vikivimba kwa homa hii, moyo nao huugua mara nyingi.

Moyo una milango minne, ambayo madaktari huiita vali, ipitishayo damu isirudi nyuma. Homa ikirudi mara kwa mara milango hiyo hupata makovu. Mmoja haufunguki vizuri, mwingine haufungiki. Ndipo kijana huishiwa pumzi akipanda kilima, miguu huvimba, na mwanamke huingia hatarini achukuapo mimba. Mlango ulioharibika sana hautengenezwi kwa dawa. Huhitaji kupasuliwa, na gharama yake ni kubwa.

Basi wataalamu walijiuliza: je, tukiuona ugonjwa mapema, kabla mtoto hajasikia lolote, twaweza kuuzuia? Mwaka 2018 madaktari wa Uganda, pamoja na wenzao wa nchi nyingine, walianza kazi hiyo katika Gulu, kaskazini ya Uganda. Walipima mioyo ya watoto zaidi ya 100,000 kwa mashine itumiayo mawimbi ya sauti. Kati ya wale walioonekana na dalili za mwanzo, watoto 818 wa miaka 5 hata 17 waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilichomwa sindano ya penisilini kila majuma manne. La pili halikuchomwa, ila liliangaliwa vema. Miaka miwili ilipopita, katika fungu la sindano ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa watoto 3 tu. Katika fungu la pili, watoto 33. Habari hizi zilitangazwa mwaka 2021.

Na tuelewe vizuri. Wengi wasiochomwa nao hawakuzidiwa katika miaka hiyo miwili, wala penisilini haifuti makovu ya zamani. Kazi yake ni kuwazuia vidudu wasirudi kuujeruhi moyo tena. Tena wako watu wachache ambao miili yao haiipokei dawa hii. Kwa hiyo yafaa itolewe na mganga wa hospitali, isinunuliwe ovyo dukani.

Basi, wazazi, mtoto akilia koo na ana homa, msitosheke na maji ya chumvi peke yake. Mpelekeni akapimwe, na dawa akipewa aimalize, hata kama amekwisha kuanza kucheza. Nanyi waalimu, mwanafunzi achechemeaye leo goti hili na kesho lile, msimwite mvivu. Na yule aliyeandikiwa sindano ya kila mwezi asikose hata moja. Twajua ya kuwa sindano huuma, na njia ya hospitali pengine ni ndefu, na mtoto mwenyewe aonekana mzima. Lakini uzima huo ndio tunaoulinda. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa moyo ni kazi ngumu kuujenga.