Mchezaji Anayekopeshwa

Leo twasoma maneno mawili: mkataba na mkopo. Mkopo wa fedha mwaujua. Je, mtu aweza kukopeshwa? Katika mpira wa miguu aweza, na mfano wetu ni Mbwana Samatta.

Samatta alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1992. Alichezea African Lyon, kisha Simba, na mwaka 2011 akavuka mpaka kwenda Lubumbashi, Kongo, kuichezea TP Mazembe. Mwaka 2015 Mazembe walitwaa ubingwa wa klabu za Afrika. Januari 2016, huko Abuja, Samatta akatajwa kuwa mchezaji bora kuliko wote wanaocheza ndani ya Afrika, na mwezi huohuo Genk ya Ubelgiji wakamchukua. Katika msimu wa 2018 hadi 2019 Genk wakawa mabingwa, naye alifunga magoli 23 ya ligi.

Januari 2020 akanunuliwa na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Wengi walidhani safari imefika mwisho. Sivyo. Alicheza mechi 14 za ligi, akafunga goli 1, na jingine katika fainali ya Kombe la Ligi. Septemba mwaka uleule akapelekwa kwa mkopo Fenerbahçe ya Uturuki, ambao baadaye walimchukua moja kwa moja. Nao wakamkopesha kwa Antwerp, kisha kwa Genk, timu yake ya zamani! Mwaka 2023 akaenda PAOK ya Ugiriki, akawa bingwa tena mwaka 2024. Mwaka 2025 akahamia Le Havre ya Ufaransa. Kwangu mimi, huyu ni kama fundi mwashi: nyumba ikiisha, hufuata kazi ilipo.

Mkopo maana yake ni hii. Klabu yenye mchezaji humwazima kwa klabu nyingine kwa muda. Mkataba wa kwanza haufi. Muda ukiisha, hurudi kwao. Klabu mbili hupatana nani alipe mshahara. Mchezaji naye lazima akubali na kutia sahihi, maana yeye si mbuzi wa mnadani.

Basi siku moja mgeni aweza kubisha hodi kwako, ameshika karatasi, amtaka kijana wako. Isome kabla ya kutia sahihi au dole gumba, kwa kuwa dole gumba nalo lafunga. Sheria za FIFA zasema mkataba kwa kawaida usizidi miaka 5. Kijana aliye chini ya miaka 18 hasajiliwi nchi nyingine, ila kwa sababu chache zilizotajwa. Wakala naye awe na leseni ya FIFA. Akidai nauli ya majaribio kwa mama auzaye ndizi, mwulizeni leseni kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo timu za mitaani hazilijui. Mchezaji akiuzwa toka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake kwisha, 5 katika kila 100 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Lakini klabu iwe imeandikishwa, na kijana awe amesajiliwa humo. Timu isiyo na karatasi haipati hata senti.

Sasa chukueni kalamu. Mchezaji amenunuliwa kwa shilingi 200,000,000. Klabu zilizomlea zitagawana shilingi ngapi? Andikeni jibu kwa tarakimu, kisha kwa maneno.