Kanumba Ng'ambo ya Ruvuma

Mto Ruvuma umetenganisha mamlaka za Tanzania na Msumbiji, lakini haukuweza kutenganisha lugha. Kuanzia Palma hadi Mocímboa da Praia, Kiswahili na Kimwani husikika sokoni na barazani. Wako pia waliojifunza Kiswahili Tanzania, walikokimbilia wakati wa vita vya ukombozi vya 1964 hadi 1974. Filamu itokayo Dar es Salaam haihitaji mkalimani huko.

Hata hivyo, kueleweka si kupendwa. Mtu mzima aliyezoea filamu za Kihindi, zenye nyimbo na mapigano, akiketi kwa mara ya kwanza kutazama filamu ya marehemu Steven Kanumba huishiwa subira. Mambo huenda polepole, machozi ni mengi, na majina ya filamu ni ya Kiingereza ilhali wasemaji ni Waswahili. Huinuka akawaachia vijana.

Moyo hulainika taratibu, pengine kwa kupita tu sebuleni watoto wakitazama. Katika Uncle JJ, Kanumba anaigiza pamoja na watoto wadogo, wala haoni haya kuwaachia wao kicheko. Mpitaji husimama kidogo, kisha huketi. Hugundua kwamba mwigizaji huyu husikiliza kabla ya kujibu, na kwamba ugomvi unaooneshwa ni wa nyumba anazozijua: mirathi, ndoa, wivu na malezi.

Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari, 1984. Alisoma Jitegemee, Dar es Salaam, akaanza kujulikana katika kundi la Kaole. Mwaka 2006 alishirikiana na wasanii wa Nigeria katika Dar 2 Lagos. Mwaka 2009 alialikwa katika nyumba ya Big Brother Africa nchini Afrika Kusini, na Kiingereza chake kikachekwa sana nyumbani. Hakujificha, aliendelea kufanya kazi na wageni. Alifariki dunia tarehe 7 Aprili, 2012, akiwa na umri wa miaka 28, na maelfu ya watu walijaa viwanja vya Leaders kumuaga.

Kicheko kile kinaeleweka vyema Cabo Delgado. Mtoto aliyekulia katika Kimwani au Kiswahili hukutana na Kireno shuleni, na anapojikwaa huchekwa na wenzake. Tangu Oktoba 2017, mapigano yameziondoa jamaa nyingi katika makao yao, na wengi wamelazimika kuanza upya ugenini, miongoni mwa watu wa lugha nyingine.

Basi mzazi asiharakishe kuzima filamu hizo. Achague zinazofaa umri wa watoto, aketi nao, na baadaye awaulize nani alikosea na kwa nini. Kumwona mtu akilia, akiomba radhi na akiheshimiwa kwa lugha ya nyumbani humfunza mtoto kutoionea haya lugha hiyo.