UKALI WA PILIPILI NA NAMNA YA KUUTULIZA

Wananchi wa Ukerewe na wa mwambao wa Ziwa Viktoria, Mwanza hadi Usagara, wanafahamishwa kuhusu pilipili, kiungo kisichokosekana penye sato, sangara au dagaa. Wengi wanapowashwa hukimbilia maji, na watoto nao hunyweshwa maji hayo hayo. Maji hayatoshi, na sababu yake ni hii.

Ukali wa pilipili si ladha kama chumvi au uchachu, bali ni maumivu. Hutokana na kemikali iitwayo kapsaisini, iliyo nyingi zaidi katika utando mweupe unaoshikilia mbegu. Kemikali hiyo huamsha vipokezi vya neva ambavyo kazi yake ni kutoa taarifa ya joto linalozidi takriban nyuzi 43 za Sentigredi. Hivyo ubongo huarifiwa kuwa kinywa kinaungua, ingawa hakuna moto; ndipo jasho, machozi na kamasi hutoka. Kipokezi hicho kilitambuliwa mwaka 1997 na watafiti walioongozwa na David Julius wa Marekani, ambaye mwaka 2021 alitunukiwa Nobel ya Tiba pamoja na Ardem Patapoutian.

Kapsaisini huyeyuka katika mafuta, lakini si rahisi kuyeyuka katika maji. Kwa hiyo wananchi wanashauriwa kama ifuatavyo:

(a) Aliyewashwa kinywani anywe maziwa yaliyochemshwa na kupoa, au maziwa mgando. Mafuta na protini za maziwa huiondoa kapsaisini mahali iliponasa. Chai ya moto huongeza maumivu.

(b) Aliyekata pilipili apake mikono mafuta ya kula, kisha aioshe vizuri kwa sabuni kabla ya kujigusa macho au kumshika mtoto.

(c) Pilipili ikiingia jichoni, jicho lisisuguliwe wala lisitiwe mafuta au maziwa. Lioshwe kwa maji mengi safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kwani hapo maji huisukuma kemikali nje. Maumivu yakiendelea, au macho yakiona ukungu, mhusika afikishwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Wazazi, mama lishe na wapishi wa shule wanaombwa kuzingatia maelezo haya na kuweka pilipili mbali na watoto wadogo.