Trekta Dogo Kilimani (2): Mikono Mitatu Inayoshika Plau

Katikati na kaskazini-mashariki mwa Burundi ardhi tambarare ni adimu. Kuanzia Musinzira, mtaa wa mji wa Gitega ulio mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi Muyinga kuelekea mpaka wa Tanzania, mashamba yamelala kwenye migongo ya vilima, na familia nyingi huishi kwa nusu hekta au pungufu. Jembe la mkono bado ndilo linalofungua msimu A, ule wa mvua za Septemba na Oktoba. Trekta la nguvu za farasi 80 halina pa kugeukia humo. La farasi 20 linapita, lakini likifungwa plau vibaya, litazungusha magurudumu na kuchoma dizeli huku ardhi imekwaruzwa tu.

Wanunuzi huuliza farasi ngapi. Wangefanya vyema zaidi kuchungulia nyuma ya kiti.

Pale nyuma kuna mikono mitatu: miwili ya chini inayovuta plau, na mmoja wa juu unaoizuia isipinduke kuelekea mbele. Mpangilio huu ni kazi ya Harry Ferguson, fundi wa Ireland aliyezaliwa 1884. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikabidhiwa kusimamia matrekta ya kilimo nchini mwake, akayaona mapungufu yake kwa macho yake. Plau zilikokotwa kwa mnyororo au chuma kirefu. Plau ikigonga jiwe, trekta jepesi kama Fordson liliweza kuinuka mbele na kumwangukia dereva. Ferguson aliifanya plau iwe sehemu ya trekta lenyewe. Mfumo wake uliingia sokoni 1936, ukafungwa kwenye trekta la Ford 9N mwaka 1939, kisha kwenye trekta lake la TE20 lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956, zaidi ya matrekta nusu milioni. Leo karibu kila trekta duniani, kubwa kwa dogo, lina mikono hiyo.

Ujanja wake uko kwenye mkono wa juu. Udongo unapoikaza plau, plau hutaka kuinamia mbele na kuusukuma mkono huo. Katika mfumo wa Ferguson, msukumo huo hubana springi, springi hufungua vali, na haidroliki huivuta plau juu kidogo. Uzito wa plau pamoja na wa udongo ulioshikwa nayo huhamia kwenye magurudumu ya nyuma wakati uleule yanapohitaji kushika ardhi. Ndivyo trekta jepesi linavyolima kama zito.

Matrekta mengi madogo ya kisasa hayana vali hiyo. Yana wenzo wa kupandisha na kushusha tu, na mengine ya bustani huinua kwa mkono au kwa mota ya umeme. Haya huilazimisha plau ikae urefu uleule kutoka kwenye trekta. Gurudumu la mbele likipanda tuta, plau huzama. Likishuka, plau huchomoka. Dawa ni gurudumu dogo la kupimia kina lililofungwa kwenye plau, na wenzo uachiwe hadi mikono ya chini ielee. Kuendelea kuchezea wenzo kila hatua tatu ni kumchosha dereva bure.

Upangaji ufanyike mahali pa sawa, hata kama shamba ni la mteremko, maana plau inatakiwa kwenda sambamba na uso wa ardhi, iwe imeinama au la. Upepo wa matairi uwe sawa kulia na kushoto. Ikiwa kina kinachotakiwa ni sentimita 15, magurudumu ya kushoto yapandishwe juu ya mbao za unene huo. Trekta sasa limeinamia kulia, kama litakavyoinama gurudumu la kulia likiingia kwenye mtaro uliochimbwa na plau. Fimbo ya kunyanyulia mkono wa chini wa kulia, ile yenye skrubu, ifupishwe mpaka fremu ya plau ilale sawa ikitazamwa kutoka nyuma. Ndipo ugeukiwe mkono wa juu. Ukiufupisha, ncha ya plau huinama na kuchimba. Ukiurefusha, kisigino chake cha nyuma ndicho kinachogandamiza. Sehemu nzuri ya kuanzia ni fremu iliyo sambamba na ardhi kutoka mbele hadi nyuma. Baada ya hapo nusu mzunguko wa skrubu kwa wakati mmoja inatosha. Kisigino kikiacha alama hafifu chini ya mtaro, mkono umekaa vizuri. Kikichimba mfereji, ni mrefu mno.

Mstari wa kwanza una kanuni yake. Mtaro bado haupo, magurudumu yote yako juu, kwa hiyo fimbo mbili za kunyanyulia ziwe na urefu mmoja na kina kiwe nusu. Wengi huruka hatua hii, kisha hulaumu udongo. Kweli, udongo mwekundu wa mwisho wa Agosti ni mgumu, na plau yenye ncha butu haiingii hata mkono wa juu ufupishwe vipi. Huko Kongwa, Tanganyika, mradi wa Waingereza wa karanga ulioanza 1947 ulivunja zana nyingi juu ya udongo wa mfinyanzi uliokaushwa na kiangazi. Kusubiri mvua ya kwanza ni nafuu kuliko kununua ncha mpya.

Minyororo ya pembeni inayoshika mikono ya chini ilegezwe kidogo wakati wa kulima, plau ijitafutie njia yake, na ikazwe wakati wa safari barabarani.

Sasa mteremko. Plau ya kawaida hutupa udongo kulia, ndani ya mtaro ambao gurudumu la kulia linapita. Mlima ukiwa upande wa kulia, gurudumu la juu ndilo linaloshuka mtaroni, na trekta hujinyoosha. Mlima ukiwa kushoto, gurudumu la chini huzama zaidi: kwa trekta lenye upana wa mita moja kati ya magurudumu, sentimita 15 huongeza mwinamo wa digrii 8 hivi juu ya ule wa kilima. Kwa hiyo kwenye miinuko ya Gitega ni kulima kwa kufuata kontua, mlima ukiwa kulia, na kurudi mtupu plau ikiwa imeinuliwa kidogo tu. Mafuta huongezeka, lakini udongo husukumwa kupanda badala ya kuteremshwa kuelekea bondeni. Plau ya kugeuzwa ingeokoa safari hiyo tupu, ila ni nzito, na trekta la farasi 20 huweza kuinuka mbele likiibeba bila uzito wa kusawazisha.

Sehemu ya tatu itahusu haro, na mafuta ya haidroliki yanayogeuka meupe.